Maiti Alipotoka Nyumbani: Mwongozo wa Kazi ya Mazishi na Nyumba za Kale za Ladywood

Msiba ukitokea ughaibuni, maswali ya kwanza huwa ya nyumba. Watu watakaa kwa nani? Maiti amelala wapi? Siku ya mazishi atatolewa kwa nani? Katika miji ya Uingereza swali la pili limeshapata jibu la mazoea: maiti yuko hospitali, kisha atachukuliwa na kampuni ya mazishi, na jamaa watapangiwa saa ya kwenda kumtazama. Waswahili wengi wanaoishi huku huamini kwamba hiyo ni sheria ya nchi, na kwamba Waingereza wamefanya hivyo tangu enzi. Si sheria. Na Waingereza wenyewe, hasa wafanyakazi wa viwandani, walikuwa wakikaa na maiti wao nyumbani mpaka vizazi vichache vilivyopita.

Ladywood, katika jiji la Birmingham, ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. Kwa jina hilo nakusudia jimbo zima la uchaguzi, si mtaa ule peke yake ulio magharibi ya katikati ya jiji. Jimbo limebeba pia katikati ya jiji penyewe, Jewellery Quarter ya masonara, na Winson Green. Ndani ya eneo hili zimebaki nyumba ambamo maskini waliishi na kufia, kiwanda kilichotengeneza vyuma vya majeneza, na makaburi mawili ya karne ya 19. Sehemu hizo tatu unaweza kuzizungukia kwa miguu kwa siku moja. Mwongozo huu ni wa ziara hiyo, na pia ni wa siku ambayo msiba utakuwa wa kwako.

Nyumba zilizopeana mgongo

Anzia pembe ya Inge Street na Hurst Street. Pale umebaki ua mmoja, unaoitwa Court 15, wa nyumba zilizopeana mgongo: safu mbili zenye ukuta mmoja wa nyuma, moja ikitazama barabara, nyingine ikitazama ua wa ndani. Kila nyumba ina ghorofa tatu na chumba kimoja tu katika kila ghorofa. Hakuna mlango wa nyuma wala dirisha la nyuma. Vyoo na chumba cha kufulia vilikuwa uani, vya watu wote. Ua huu ulijengwa hatua kwa hatua kati ya 1802 na 1831, wakati Birmingham ilipokuwa ikijaza maelfu ya nyumba kama hizi kwa ajili ya watu waliokuja kufanya kazi viwandani. Mwaka 1876 jiji lilipiga marufuku kujenga nyingine mpya, lakini zilizokuwepo ziliendelea kukaliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ladywood ilikuwa mojawapo ya maeneo matano ambayo jiji liliamua kuyabomoa na kuyajenga upya, na mitaa mizima ikafutika.

Court 15 ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2004, chini ya National Trust. Huingii peke yako. Unaingia na mwongozaji, na nafasi lazima uiweke mapema. Utaoneshwa nyumba nne za nyakati nne tofauti, ikiwemo ya fundi wa macho ya bandia ya kioo wa miaka ya 1870, na duka la George Saunders, fundi cherehani aliyetoka kisiwa cha St Kitts katika Karibi na kushona nguo hapo mpaka mwanzoni mwa karne hii. Usipite haraka kwenye duka lake. Ni ushahidi kwamba historia ya nyumba za kale za Birmingham ni ya wahamiaji pia.

Ukishapanda ngazi na kuona jinsi kitanda kinavyokula chumba chote, muulize mwongozaji: mtu akifa humu, alilazwa wapi?

Alilazwa humohumo. Juu kitandani, au chini katika chumba kilekile cha kupikia na kulia, juu ya ubao au ndani ya jeneza lililowekwa kwenye viti. Mitaa ya namna hii ilikuwa na mwanamke anayejulikana na wote, mara nyingi yuleyule aliyezalisha watoto wa majirani. Ndiye aliyeitwa kumfumba maiti macho, kumfunga taya, kumwosha na kumvika. Mapazia ya barabarani yalifungwa. Majirani walipita kumwona marehemu, watoto wakiwemo, na mchango ukapitishwa mlango kwa mlango. Seremala alikuja kupima, akarudi na jeneza.

Msomaji wa Lamu hatashangaa. Katika nyumba za mawe za kule, chumba cha ndani kabisa, nyumba ya kati, kilikuwa mahali pa uzazi na mahali pa kuoshea maiti. Nyumba iliyompokea mtu ndiyo iliyomwaga. Tajiri wa Lamu alikuwa na chumba cha kazi hiyo. Familia ya Inge Street haikuwa nacho, lakini kazi yenyewe waliifanya nyumbani vilevile.

Kilichowatisha maskini wa Birmingham kilikuwa kufia mahali pengine. Mwaka 1852 ilifunguliwa huko Winson Green nyumba ya maskini, mahali ambapo asiye na kitu alipewa chakula na malazi kwa masharti makali. Lango lake liliitwa na wenyeji Tao la Machozi. Sheria ya mwaka 1832 ilikuwa imeruhusu miili ya watu waliofia katika nyumba kama hizo, wasiodaiwa na jamaa, ipelekwe kwenye shule za udaktari ikapasuliwe. Kwa hiyo mtu alijinyima mkate ili aweke senti za maziko. Kampuni ya Prudential ilianza mwaka 1854 kuuza bima ndogo kwa wafanyakazi, na wakusanyaji wake walipita nyumba kwa nyumba kila wiki. Palikuwa pia na vyama vya majirani vya kusaidiana, vyenye daftari, mweka hazina na masharti ya kuchangia. Mtanzania akivitazama ataviita vikundi vya kufa na kuzikana, na atakuwa sahihi kabisa.

Hospitali ya nyumba ile ya maskini, iliyofunguliwa mwaka 1889, ilibadilishwa majina mara kadhaa hadi ikawa City Hospital, ambako wakazi wengi wa Ladywood wa leo waliwahi kutibiwa. Huduma zake za dharura zilihamia hospitali mpya ya Midland Metropolitan, Smethwick, mwaka 2024. Lango la machozi limeshabomolewa.

Seremala anakuwa kampuni

Kampuni nyingi za mazishi za Uingereza zilianzia kwenye kazi nyingine. Seremala aliyetengeneza madirisha alitengeneza pia majeneza. Mwenye farasi na magari ya kukodisha aliongeza gari jeusi. Muuza vitambaa akaongeza sanda na nguo za matanga. Kidogo kidogo mmoja wao akachukua kazi zote: jeneza, gari, wabebaji, makaratasi, kaburi. Mwaka 1905 wenye kazi hii waliunda chama cha kitaifa, na mwaka 1935 chama hicho kilibadili jina na kuachana na neno la zamani la kazi yao, ili wahesabiwe kuwa wataalamu na si wauza majeneza.

Chumba cha kulazia maiti dukani kilikuja baadaye, na kilikuja kwa sababu ya nyumba. Nyumba mpya zilikuwa ndogo au za ghorofa nyingi, ngazi zake hazipitishi jeneza vizuri. Baada ya mwaka 1948, huduma ya afya ya taifa ilipoanza, watu wengi zaidi walifia hospitali. Kuhamishwa kwa mitaa kama Ladywood kuliwatawanya wale akina mama waliojua kuosha maiti, na ujuzi wao haukupata wa kuurithi. Kampuni ilijaza pengo hilo. Siilaumu kwa hilo; ilifanya kazi ambayo mtaa uliokwisha kuvunjwa haukuweza tena kuifanya.

Kiwanda cha Fleet Street

Kutoka katikati ya jiji elekea kaskazini-magharibi hadi namba 13-15 Fleet Street. Hapa ndipo Newman Brothers walipohamishia kiwanda chao mwaka 1894. Alfred na Edwin Newman walianza biashara mwaka 1882 kama mafundi wa shaba, kisha wakajikita kwenye vitu vya jeneza: vishikio, mabamba ya jina, misalaba, mapambo ya kifuniko, na baadaye bitana na sanda. Majeneza yenyewe hawakutengeneza. Waliziuzia vifaa kampuni za mazishi na maseremala kote nchini.

Birmingham ilikuwa jiji la vitu vidogo vya chuma, kuanzia vifungo na kalamu za nibu hadi minyororo ya saa na beji, na vyuma vya jeneza vilitoka kwenye ujuzi huohuo. Ndani ya jengo utaona mashine za kugonga chuma, ambazo nyundo zake nzito huinuliwa kisha huachiwa zianguke juu ya kinu chenye umbo, na karatasi ya chuma ikatoka ikiwa kishikio. Juu kuna chumba cha kushonea, ambako wanawake walikata na kushona sanda na bitana za majeneza. Nakushauri ukae zaidi katika chumba hicho. Waswahili tumezoea sanda kuwa kitambaa kisichoshonwa, kinachokatwa nyumbani au msikitini siku hiyohiyo. Hapa ilikuwa vazi la kiwandani lenye mitindo na bei.

Vifaa vya Newman Brothers vilitumika katika mazishi ya mwanasiasa Joseph Chamberlain mwaka 1914 na ya Winston Churchill mwaka 1965, lakini riziki ya kiwanda ilitoka kwa watu wa kawaida, waliotaka jeneza la mbao nafuu ling'ae kama la tajiri. Kisha mambo yakabadilika. Birmingham ilipata mahali pa kuchomea maiti huko Perry Barr mwaka 1903, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 Waingereza waliochomwa walikuwa wamezidi waliozikwa. Jeneza la kuchomwa halihitaji shaba. Plastiki yenye rangi ya shaba inatosha. Kiwanda kilifunga milango mwaka 1998.

Kama jengo lipo leo, ni kwa sababu ya Joyce Green. Aliingia hapo mwaka 1949 kama karani, na mwaka 1989 akawa mmiliki. Kazi ilipokwisha hakukubali jengo ligeuzwe vyumba vya kupangisha bila kumbukumbu yake. Alitaka liwe makumbusho, na bidhaa, madaftari na mashine viliachwa mahali pake. Birmingham Conservation Trust ilikamilisha ukarabati na kulifungua mwaka 2014 kwa jina la Coffin Works. Hakikisha siku za ziara kabla ya kwenda, maana halifunguliwi kila siku.

Makaburi mawili, na mtu asiyetaka makaburi

Umbali mfupi kutoka hapo kuna makaburi ya Key Hill, yaliyofunguliwa mwaka 1836, na ya Warstone Lane, yaliyofunguliwa mwaka 1848. Yote mawili yalianzishwa na kampuni za watu binafsi, kwa kuwa viwanja vya makanisa mjini vilikuwa vimejaa. Key Hill ilichaguliwa zaidi na Wakristo wasiokuwa wa kanisa la Anglikana. Chamberlain amezikwa humo. Warstone Lane ilikuwa ya Waanglikana, na katikati yake kuna mapango ya nusu duara yaliyojengwa kwa ngazi, ambamo majeneza yaliwekwa badala ya kufukiwa. Harufu ilileta malalamiko makubwa, na sheria maalumu kwa Birmingham ilidai majeneza yasiyozikwa ardhini yazibwe kwa risasi au lami. Kuingia ni bure. Vaa viatu vya kufungwa, kwa sababu njia za ndani huteleza mvua ikinyesha.

Ndani ya mapango hayo ya Warstone Lane amelazwa John Baskerville, mpiga chapa ambaye herufi zake bado zimo katika kompyuta za leo. Nyumba yake, Easy Hill, ilikuwa pale ilipo Centenary Square sasa. Hakuwa muumini, na aliagiza azikwe kwenye kiwanja chake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1775 alizikwa humo. Mwaka 1791 nyumba ilichomwa katika ghasia zilizomwandama mhubiri na mwanasayansi Joseph Priestley na wenzake, ingawa Baskerville alikuwa amekwisha kufa miaka 16. Mwaka 1821 wachimbaji waliokuwa wakitengeneza gati la mfereji walilikuta jeneza lake. Mwili ukahifadhiwa ghalani, ukaonyeshwa kwa watu, kisha ukafichwa chini ya kanisa la Christ Church. Kanisa hilo lilipotakiwa kubomolewa, ulihamishiwa Warstone Lane mwaka 1898. Mtu aliyetaka jambo moja tu, kulala nyumbani kwake, aliishia katika ardhi iliyowekwa wakfu na kanisa alilolikataa. Mbele ya jengo linaloitwa kwa jina lake kuna sanamu za mawe zenye umbo la herufi za chapa. Zisome kutoka kulia kwenda kushoto.

Msiba ukiwa wako leo

Sheria ya Uingereza haikulazimishi kutumia kampuni ya mazishi. Msimamizi wa wosia, au ndugu wa karibu pale ambapo hakuna wosia, ndiye mwenye haki ya kumchukua maiti na kupanga maziko. Maiti anaweza kurudishwa nyumbani, kwa usiku mmoja au kwa siku kadhaa, akaoshwa, akasomewa, akaombewa, na watu wakamwaga pale sebuleni. Chumba kiwe baridi, joto la nyumba lizimwe. Mambo mawili yanaweza kuzuia: kifo kinachochunguzwa, ambapo maiti hatolewi mpaka mchunguzi wa vifo vyenye utata aruhusu, na ugonjwa wa kuambukiza, ambapo utafuata maelekezo ya daktari. Ukitaka kumchukua mwenyewe hospitali, piga simu kwanza ofisi inayohudumia wafiwa, uulize karatasi wanazohitaji na gari liweje. Ukitumia kampuni, waambie tangu siku ya kwanza kwamba unataka maiti alale nyumbani. Nyingi hukubali; nyingine hazilitaji tu mpaka ziulizwe.

Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo cha England na Wales ambacho hakikwenda kwa mchunguzi wa vifo hukaguliwa na daktari mkaguzi. Yeye hupeleka cheti kwa msajili, na kuanzia hapo una siku 5 za kukisajili kifo. Msajili atakupa karatasi ya kuruhusu kuzika au kuchoma. Kama mwili unasafirishwa kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au kwingineko nje ya nchi, mchunguzi wa vifo lazima apewe taarifa na akubali kwa maandishi, hata kama kifo hakikuwa na utata wowote. Mwili hutiwa dawa na huwekwa kwenye jeneza lenye bitana ya zinki, na ubalozi wa nchi husika huwa na masharti yake. Usikate tiketi za ndugu kabla karatasi hizo hazijatimia.

Kuhusu bei, tangu tarehe 16 Septemba 2021 kila kampuni ya mazishi ni lazima ioneshe dukani na kwenye tovuti yake orodha ya bei iliyopangwa kwa mtindo mmoja: kumchukua marehemu, kumtunza, kumwona, jeneza, gari, na maziko ya bei nafuu yasiyohudhuriwa na jamaa. Linganisha orodha mbili au tatu kabla ya kutia saini. Mipango ya kulipia maziko mapema inasimamiwa na mamlaka ya huduma za fedha tangu tarehe 29 Julai 2022. Asiyesajiliwa huko asipewe hata pauni moja. Mwenye kupokea mafao fulani ya serikali, Universal Credit ikiwemo, anaweza kuomba msaada wa gharama za maziko ndani ya miezi 6 baada ya maziko, lakini msaada huo haulipi kusafirisha mwili kwenda Afrika. Mtoto wa chini ya miaka 18 akifariki England, ada za kuzika au kuchoma hulipwa na mfuko maalumu wa serikali bila kuuliza kipato cha wazazi.

Kuitafuta historia ya mlango wako

Juu ya milango mingi ya kampuni za mazishi utaona jina la ukoo na mwaka wa kuanzishwa. Jina linaweza kuwa la kweli na mwenye mali akawa mwingine kabisa. Kwa miongo kadhaa kampuni kubwa zimenunua maduka ya familia na kuyaachia majina yake. Dignity, mojawapo ya kubwa kuliko zote, ina makao yake Sutton Coldfield, hapohapo Birmingham. Hakuna haramu katika hilo, ila kanuni za mwaka 2021 zinataka mmiliki wa mwisho atajwe wazi. Ukitaka kuhakikisha, daftari la kampuni la serikali, Companies House, linasomwa mtandaoni bila malipo.

Kwa historia ya zamani zaidi nenda Maktaba ya Birmingham, Centenary Square. Katika hifadhi yake ya nyaraka mna vitabu vya wafanyabiashara vya kila mwaka, ambavyo vimepangwa kwa mtaa na kwa kazi. Fuata jina moja miaka kumi kumi kurudi nyuma: mwenye mazishi wa 1930 anaweza kuonekana mwaka 1900 akiwa seremala, na 1870 baba yake akiwa mwenye farasi. Kwa nyumba, tumia sensa, ambazo zinasomeka kwa majina kuanzia 1841 hadi 1921, uone nani waliishi humo na walifanya kazi gani. Kama nyumba yako iko kwenye orodha ya taifa ya majengo ya urithi, inayosomwa bure mtandaoni, usiondoe dirisha, ngazi wala mlango kabla hujapata kibali cha baraza la jiji. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa mwenye nyumba.

Ramani za zamani ndizo za kuanzia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu Ladywood ya leo imejengwa juu ya mitaa iliyofutwa, na namba ya nyumba ya mwaka 1911 inaweza kuwa leo katikati ya barabara au kwenye nyasi za uwanja wa ghorofa. Fanya kazi hii mapema. Mwaka 2023 baraza la jiji lilipitisha mpango mwingine wa kuijenga upya Ladywood kwa maelfu ya nyumba mpya, na wakazi wengi hawajui kama nyumba zao zitabaki. Kama unaishi humo, piga picha za chumba ulichokalia matanga, andika nyuma jina la marehemu, tarehe, anwani kamili na waliohudhuria, kisha uwaulize wahifadhi wa nyaraka pale maktaba kama watazipokea.